Jino namba 36: tathmini ya huduma za kliniki ya meno kwa mtoto, na kadi ya bima inayozilipia

Mtoto anapofikisha miaka sita hivi, gego la kwanza la utu uzima huchomoza nyuma kabisa ya meno ya utoto. Haling'oi jino lolote wala halitikisi kitu, kwa hiyo nyumbani mara nyingi hakuna anayejua kwamba limefika. Likianza kutoboka, utasikia: "Hilo la utoto, litang'oka tu." Halitang'oka. Ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni. Ukitaka kulitambua, hesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma: la sita ndilo hilo. Yapo manne, mawili juu na mawili chini, na kwenye fomu za kliniki na za bima huandikwa 16, 26, 36 na 46 (36 ni la chini kushoto, nalo ndilo mfano wetu). Magego ya utoto yanayopakana nayo kwa mbele huandikwa 55, 65, 75 na 85. Ziweke namba hizi nane kwenye simu yako, maana tutazirudia tukifika kwenye bima.

Tumezipima huduma ambazo kliniki za mijini Tanzania humpa mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mbili, na kipimo ni kimoja: je, inasaidia magego haya manne yafike utu uzima yakiwa mazima, na je, fedha unayotoa leo inakuepusha na gharama kubwa zaidi kesho? Baadhi ya huduma tunazipendekeza bila kusita. Nyingine zinafaa zikipata mkono makini tu. Moja, ambayo haitoki kliniki, ni ya kukataa kabisa.

Tuanze na uchunguzi, maana hapo ndipo kliniki nzuri na mbovu zinapoachana. Jino lenye mate halichunguziki. Doa jeupe, ambalo ni mwanzo wa kuoza, huonekana vizuri jino likishakaushwa kwa hewa. Ukiona daktari amemulika mara moja na kuanza kuandika makadirio ya gharama, huo si uchunguzi. Vilevile, kile chuma chenye ncha hakipaswi kusukumwa kwa nguvu ndani ya mifereji ya gego changa: sehemu iliyoanza kulainika inaweza kubomoka, na mtoto akashuka kwenye kiti akiwa na tundu ambalo hakuja nalo. Pale magego yalipogusana, picha ndogo za eksirei za kung'ata, moja kila upande, zina thamani kubwa, kwa sababu kuoza kunakoanzia kati ya jino na jino ni vigumu kukuona kwa macho mpaka ukingo uvunjike. Picha kubwa ya taya lote ina kazi yake, hasa kwa meno yaliyochelewa kuota au mipango ya kunyoosha meno, lakini si ya kila mtoto anayekuja kukaguliwa. Ukiandikiwa, uliza: "Daktari, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu?" Daktari anayejua kazi yake hakasiriki kwa swali hilo.

Huduma tunayoiweka juu ya zote ndiyo ambayo wazazi wachache huiulizia: kuziba mifereji ya magego kabla hayajaoza. Kwenye kliniki huitwa silanti. Gego jipya lina mikunjo myembamba kuliko unywele wa mswaki, na huko ndani mswaki haufiki hata upige mswaki kwa bidii namna gani. Silanti ni plastiki laini inayomiminwa humo na kugandishwa kwa taa ya bluu. Haihitaji sindano wala kuchimba. Kazi yenyewe ni fupi: jino husafishwa, hupakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30, husuuzwa na kukaushwa mpaka liwe jeupe kama chaki, plastiki hupakwa, taa humulikwa kwa sekunde 20 hivi, kisha daktari hujaribu kuibandua kwa chuma. Ikibanduka pale pale, afadhali kuliko kubanduka nyumbani.

Kinachoharibu silanti karibu kila mara ni mate. Jino likilowa baada ya asidi, hata kwa tone moja, plastiki haishiki, na unakuwa umelipia kitu kitakachodondoka miezi michache baadaye. Kwa hiyo angalia mambo mawili: kuna pamba pande zote za jino, na kuna mtu wa pili anayeshika bomba la kunyonya mate. Daktari akifanya peke yake kwa mtoto asiyetulia, matokeo ni ya kubahatisha. Na kama gego limechomoza nusu, bado lina kipande cha ufizi juu yake, silanti ya kawaida isubiri. Hapo hutumika glasi ayonoma, saruji ya meno ambayo huvumilia unyevu na hutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino, kisha plastiki huwekwa jino likishapanda lote. Kagua kila miezi sita. Umri wa miaka kumi na mbili hivi rudi tena, maana magego ya pili, 17, 27, 37 na 47, huwa yanaota.

Vanishi ya floraidi inafuata kwa karibu. Ile ya kawaida ina sodiamu floraidi asilimia 5, sawa na sehemu 22,600 kwa milioni, na hupakwa kidogo sana kwa brashi, mara mbili kwa mwaka. Meno hubaki na rangi ya njano kwa siku hiyo, si kasoro. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto kwa saa chache, na kupiga mswaki kusubiri mpaka kesho yake asubuhi, au kama kliniki itakavyoelekeza.

Hapa wazazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga huuliza swali la haki: maji yetu yana floraidi nyingi, meno ya watoto yana madoa ya kahawia, kwa nini tuongezewe? Jibu ni kwamba madoa yale hutokana na floraidi inayomezwa kila siku wakati meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Kinachopakwa juu ya jino mara mbili kwa mwaka hakifanyi kazi hiyo. Chanzo cha kushughulikia ni maji ya kunywa na ya kupikia, pamoja na magadi yanayowekwa kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huwa nzito zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto huko Arusha, huiondoa, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Kwa mtoto mdogo wa maeneo hayo, mweleze daktari maji mnayotumia kabla ya kuamua lolote.

Kuna dawa nyingine inayostahili kujulikana zaidi: floraidi yenye madini ya fedha, mchanganyiko wa asilimia 38. Hupakwa tone moja ndani ya tundu kwa dakika moja hivi, na kuoza husimama kwa meno mengi. Hakuna sindano. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na glasi ayonoma. Gharama yake ni rangi: sehemu iliyooza huwa nyeusi na itabaki nyeusi. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye matundu sita ambaye hakubali kukaa kwenye kiti, sisi tungeichagua bila wasiwasi kwa magego. Kwa meno ya mbele, wazazi wote wawili waonyeshwe picha ya matokeo kwanza. Mwenye mzio wa madini ya fedha asipakwe. Na ikipakwa mara moja ikaachwa, nguvu yake hupungua. Kawaida hurudiwa baada ya miezi sita.

Tukija kwenye kuziba tundu, kwanza jambo la kujivunia. Njia ya kusafisha tundu kwa vyuma vya mkono peke yake, bila mashine wala umeme, kisha kulijaza glasi ayonoma, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo hutumika duniani kote. Mtu akiiita matibabu ya maskini, hajaielewa. Kwa tundu la uso mmoja, lile lililo juu ya gego tu, inadumu vizuri na mtoto haogopi mlio wowote. Udhaifu wake uko kwenye tundu linaloshuka ubavuni na kugusa jino la jirani. Hapo kujaza huvunjika mapema, na kurudiarudia kunamaliza uvumilivu wa mtoto.

Kompoziti, ile ya rangi ya jino, ni nzuri kwa 36 lenye tundu dogo au la kati, kwa masharti yale yale ya ukavu. Lazima ijengwe kwa matabaka ya milimita mbili hivi, kila moja likimulikwa taa. Ikijazwa yote kwa mkupuo, ya chini haikauki sawasawa. Ganzi ikiisha na mtoto akasema jino linauma akiuma kitu tu, mara nyingi kujaza kumezidi kimo. Rudi lisagwe kidogo, ni kazi ya dakika tano na hupaswi kulipishwa upya. Likiuma lenyewe usiku, hilo ni jambo jingine, huenda kiini, sehemu hai ya ndani ya jino, kimeathirika. Amalgamu, kijazo cha rangi ya fedha chenye zebaki, bado ina nguvu, lakini mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana isitumike kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi. Kwa mtoto wako, omba kitu kingine.

Magego ya utoto yenyewe yanadharauliwa, na hapa ndipo familia zinapoteza fedha nyingi bila kujua. Gego la pili la utoto hudumu mpaka miaka kumi hadi kumi na mbili. Likitolewa mtoto akiwa na miaka mitano, lile la miaka sita linapoota halina kinachoshika nafasi. Husogea mbele, na jino la utu uzima linalosubiri chini ya lile lililotolewa linakosa pa kutokea. Miaka saba baadaye unaambiwa mtoto anahitaji waya za kunyoosha meno, huduma ambayo bima nyingi hazigusi. Kama 75 limeoza sana lakini bado linaokoleka, huduma bora tunayoijua ni kofia ya chuma. Kwa jino ambalo halijaanza kuuma lenyewe, kuna njia ya Hall, iliyotoka Uskoti: hakuna sindano, hakuna kuchimba. Vipira vidogo huwekwa kati ya meno kwa siku chache, kisha kofia hugandishwa juu ya jino na kuoza hufungiwa ndani bila chakula. Mtoto atahisi kofia imezidi kimo kwa siku za mwanzo. Meno hujirekebisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Kama kiini kimeguswa, sehemu yake ya juu huondolewa kwanza, dawa huwekwa, ndipo kofia. Na kama hakuna namna ila kung'oa, usitoke bila kuuliza kuhusu kishika nafasi, yaani pete yenye waya inayozuia 36 lisisogee.

Tukiwa kwenye kung'oa: hesabu ya ganzi ni haki ya mzazi. Kichupa kimoja cha lidokeni asilimia 2 chenye mililita 1.8 kina miligramu 36. Kwa kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 15 hafikii hata vichupa viwili kamili. Kwa hiyo kliniki ikitaka kutoa meno pembe zote nne za mdomo kwa siku moja, uliza uzito wake umepimwa lini. Baada ya hapo mtoto ang'ate gozi kwa dakika 20 hadi 30, asisukutue wala kutematema kwa saa 24, na umwangalie mdomo mpaka ganzi iishe, maana watoto huutafuna bila kuhisi na kesho yake mzazi hudhani ni uambukizo. Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya, homa, au mdomo kushindwa kufunguka: hapo usisubiri miadi, nenda hospitali.

Matibabu ya mzizi, yaani ruti kanali, kwa 36 ndiyo huduma tuliyoitilia shaka zaidi, si kwa ubaya wake bali kwa jinsi inavyouzwa. Mizizi ya gego hili hukamilika kufungwa kama miaka mitatu baada ya jino kuota, yaani miaka tisa au kumi. Mtoto wa miaka minane ana mizizi iliyo wazi kwa chini, na ruti kanali ya mtu mzima haimfai. Kiini kikiwa bado hai, jaribio la kwanza liwe kukiokoa kwa kukifunika na saruji maalumu ya meno ili mzizi uendelee kukua. Kama jino limekwisha kabisa, kuna chaguo ambalo kliniki chache hulitaja: kuling'oa kwa mpango kati ya miaka minane na kumi, kabla gego la pili halijaota, ili hilo la pili lisogee na kuziba pengo. Hilo laamuliwe na mtaalamu wa kupanga meno akiwa na picha ya taya lote, kwani wakati ukipita nafasi hiyo haipo tena.

Kwa kijana wa miaka kumi na tatu au mzazi mwenyewe, uliza jino lina mifereji mingapi. La mbele kwa kawaida mmoja, gego la chini mara nyingi mitatu, la juu mitatu au minne. Ndiyo maana bei hazilingani. Uliza pia kama shuka la mpira litatumika. Linazuia mate yasiingie kwenye mzizi na dawa ya kuosha, ambayo huwa na klorini, isiingie kooni. Mwishoni ionekane picha ya eksirei yenye kijazo kilichofika karibu na ncha ya mzizi, na gego lipate kofia. Gego lililotibiwa mzizi likaachwa bila kofia huweza kupasuka kwa kitu kidogo kama punje ya mahindi, na lililopasuka mpaka chini ya ufizi halirudi.

Ile ya kukataa kabisa haiko kwenye kliniki yoyote halali: kutoa "meno ya plastiki" kwa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara. Vile vyeupe vinavyoonekana chini ya ufizi ni machonge ya utoto yanayojiandaa kutoka, na hayaleti homa. Kuyachimbua kwa kisu au spoku kumeua watoto kwa damu kuvuja na uambukizo, na wanaopona wengine hukosa chonge la utu uzima au huota likiwa limepinda. Mtoto mwenye kuhara anahitaji maji ya chumvichumvi na kituo cha afya.

Sasa kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hukata asilimia 6 ya mshahara, ikigawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa, na kadi yake hutumika kwenye vituo vilivyosajiliwa nao. Bima za kampuni binafsi hutofautiana kwa mkataba. Kwenye mkataba wa binafsi, tafuta mstari wa meno na usome vitu hivi: kikomo ni cha mtu mmoja au cha familia nzima? Kuna miezi ya kusubiri? Silanti na vanishi vimetajwa, au kinga haimo? Kofia na waya vimetengwa? Ni kazi gani zinahitaji kibali kabla? Tuseme kikomo ni shilingi 400,000 kwa familia ya watu watano. Ruti kanali moja ya baba yenye kofia inaweza kukimaliza mwezi wa pili, na watoto wakabaki mikono mitupu mpaka mwaka wa bima ugeuke. Kwa kadi ya namna hiyo tunashauri watoto wakaguliwe mwezi wa kwanza, matundu madogo yazibwe, kisha mtu mzima afuate. Kama silanti haimo, ilipie taslimu; ni ndogo ukilinganisha na kofia moja. Mwaka wa bima ukikaribia kuisha, mzizi unaweza kutibiwa sasa na kofia ikawekwa mwaka mpya, mradi jino lijazwe imara na kusubiri kuwe kwa wiki, si miezi.

Usisaini fomu tupu. Soma namba ya jino kabla ya kalamu kugusa karatasi: kama kazi ilikuwa kwenye 85 na fomu inasema 46, kumbukumbu ya mtoto imeharibika, na siku 46 litakapohitaji matibabu bima inaweza kujibu kwamba lilishalipiwa. Chukua nakala ya picha za eksirei; ukihama kliniki hutalipia nyingine.

Nyumbani, geuza boksi la dawa ya meno usome kiasi cha floraidi. Sodiamu floraidi asilimia 0.32 ni sehemu 1,450 kwa milioni. Sodiamu monofluorofosfeti asilimia 0.76 ni 1,000. Chini ya hapo usinunue, hata kama ina katuni, na nyingi za mkaa hazina kabisa. Kiasi ni punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya njegere mpaka sita, ateme, asisukutue. Mpige mswaki wewe mpaka afike miaka saba au minane. Na kwa 36 linalochomoza, ambalo liko chini kuliko majirani zake na mswaki wa kawaida hulipita juu, ingiza mswaki kutokea upande wa shavu, ukiukingamisha, usugue juu ya jino hilo peke yake kabla ya kuendelea na mengine.